Matanga Yaliyokosa Macho

Bwana wangu aliniambia maneno haya akiwa amesimama mlangoni, koti begani, gari la kwenda Beni likimpigia honi barabarani: "Nikitoka Beni, nikute aba bafu yako bametoka mu nyumba, ao nikute weye njo umetoka. Chagula!"

Akaenda. Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa na burashi moja mkononi na nyingine katikati ya meno, na mtu mwenye burashi mdomoni hawezi kugombana vizuri. Nikasema moyoni: sawa, utarudi, utanikuta. Siku zote alizokuwa huko nilimtengenezea jibu. Lilikuwa jibu refu, lina kichwa, lina tumbo, lina hata mkia wa kuchoma.

Ngoja niwaeleze hao wafu, maana mtu asiyenijua anaweza kufikiri nilikuwa nafuga maiti pale Butembo. Mimi ni mchoraji. Nilianza na vibao vya maduka katika mtaa wa Kimemi: kichwa cha mwanamke aliyesukwa kwa msusi, chupa na vidonge kwa famasi, gurudumu kwa fundi baiskeli. Kisha vita ikaja, na vita haikuua watu peke yao, iliua na picha zao. Nyumba ikiungua, picha ya harusi inaungua na sanduku lake. Mpiga picha wa karibu na soko alikimbilia Uganda, akabeba na mashine. Donc, basi, watu walikuwa wanakufa bila kuacha sura.

Siku moja mjane mmoja alisimama nyuma yangu nikiwa nachora kibao cha msusi. Akaangalia weee, kisha akauliza: "Maman, uyu mwanamuke njo nani?"

Nikamwambia si mtu, ni kichwa tu nimekitoa akilini.

"Kama unawezaka kuchora mutu mwenye hayuko," akasema, "unichoreye basi bwana yangu."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya wafu. Kwetu matanga yanataka kitu cha kulilia. Watu wametoka Masereka, wamepanda milima na kushuka, wamepita vizuizi vya wanajeshi na kuacha kuku kwenye kila kizuizi; wakifika hawawezi kulilia ukuta mtupu. Kama sanduku la maiti haliko, basi picha iwepo.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Familia inakaa kwenye benchi katika lupango letu, pale uani, wananisimulia marehemu. Mimi naanza na kichwa, naenda shingoni, narudi kwenye pua, na hapo vita nyingine inalipuka. Dada wa marehemu anasema pua ilikuwa nyembamba. Mjane anamgeukia: "Nyembamba? Weye njo ulikuwa unalala naye?" Na wote wanataka marehemu awe bora kuliko alivyokuwa. Mkulima aliyekufa na jembe mkononi anavalishwa tai. Mzee ambaye hakujua hata kusoma jina lake anapewa miwani. Familia moja ilitaka viatu vipya, nikawaambia picha inaishia kifuani, wakasema, "Aina neno, weye chora tu, siye tutajua biko." Na mama mmoja alinikataza kabisa kumchora bwana wake akicheka, "juu hakunichekeyaka ata siku moja."

Macho niliyaacha mwisho. Picha bila macho ni ubao wenye rangi tu, watu wanaweza kubishana mbele yake huku wanatafuna karanga. Ukishatia macho, benchi zima linanyamaza. Mtu mmoja anasema, "Njo yeye," na kilio kinaanza. Baada ya hapo hakuna tena anayebisha kwamba mtu huyo amekufa.

Sasa, rangi ya mafuta katika baridi ya Butembo inachelewa kukauka. Barazani kulikuwa na vumbi na kuku. Sebule yetu, salon, ilijaa bidoni za bwana wangu, madumu ya plastiki, maana alikuwa akipeleka viazi na vitunguu Beni, anarudi na mafuta ya mawese. Palibaki chumba cha kulala. Kwa hiyo tulilala na wafu wamepangwa ukutani, wengine na macho, wengine bado. Bwana wangu alikuwa anavulia suruali nyuma ya mlango.

"Ule wa katikati ananiangaliyaka," alisema.

Nikamwambia yule wa katikati alikuwa katekista, hawezi.

Mama mkwe, ambaye tulikaa naye nyumba moja, aliwaita "bageni yako". Akipita anawafunika nyuso kwa kanga. "Mwanamuke anazaaka batu," alikuwa anasema, "weye unazaa bafu." Watoto wetu tu ndio hawakuwa na shida: asubuhi waliwasalimia wao kwanza, kisha sisi. Na mimi? Mimi nilimpenda bwana wangu, na niliipenda kazi yangu, nasema wazi, na sikuona kwa nini viwili hivyo visilale chumba kimoja. Yeye aliona. Ndiyo maana ya yale maneno ya mlangoni.

Basi siku zake za kurudi zikafika, zikapita. Akaja dereva mmoja anayetujua, ameshika bidoni ya njano iliyoyeyuka nusu. Kila mfanyabiashara alikuwa na alama yake kwenye bidoni zisichanganyike garini. Ya bwana wangu ilikuwa kichwa cha jogoo chekundu, nilimchorea mimi, kazi yangu pekee aliyowahi kuisifu. Jogoo alikuwa bado anaonekana, mdomo wazi. Dereva alisema gari lililotoka Beni limeshambuliwa na kuchomwa, vimebaki vyuma, na waliokuwa juu yake hawajulikani waliko. Yeye amepita kwa bahati. Nyuma yake barabara ilikuwa imefungwa.

Mama mkwe alianguka chini na bidoni ile akaikumbatia. Kilio chake kilileta mtaa mzima. Mimi sikulia. Nilisimama pale na hasira, ndiyo, hasira, siyo kitu kingine: nina jibu tayari, na mwenye kupewa hayupo!

Ukoo ukajaa. Mjomba mkubwa wa bwana wangu akatoka Luofu, mzee mnene mwenye sauti ya padri, akashika uongozi wa matanga. Shangazi wakaja na masufuria. Wajomba walihitaji pa kulala, wakapewa chumba chetu. Kwa hiyo wafu wangu wakatolewa, wakaegemezwa nyuma ya jiko, chini ya ukingo wa paa, na majani ya ndizi juu yao. Hakuna aliyeniuliza.

Mjomba akasema mbele ya watu wote: "Maiti hatuna. Kaburi hatuna. Bila picha, iyi haiko matanga, iko mukutano." Vichwa vyote vikanigeukia. Mama mkwe, yule yule wa kanga, akafuta pua, akasema: "Muchoreye, mutoto yangu. Umuchoreye muzuri."

Jamani! Jana burashi ni ya shetani, leo ni mutoto yangu.

Nikachukua ubao, nikakaa. Na benchi likaanza, safari hii ukoo wangu mwenyewe. Mama mkwe akasema masikio yapunguzwe, mwanawe hakuwahi kuwa na masikio yale. Alikuwa nayo, nimelala nayo. Shangazi wakasema mashavu yaongezwe: "Ajaze kidogo. Batu basiseme kwetu alikuwa analala njaa." Nikaongeza. Wakasema bado. Nikaongeza tena, mpaka bwana wangu, mtu mwembamba kama ufito, akawa na mashavu ya mkubwa wa forodha. Shingo ikaja, koti likaja, nywele zikaja. Mkono wangu ulikuwa unamjua, haukuniuliza kitu.

Nilipofika kwenye macho, nikaweka burashi chini.

"Nyeusi imeisha," nikasema.

Wakakubali. Kesho yake nikasema mwanga haufai, kuna mawingu. Butembo kuna mawingu siku zote, wakakubali tena. Kisha nikasema mashavu lazima yakauke kwanza, maana ni mengi. Kisha haraka haraka haina baraka. Mjomba akaanza kuniangalia kwa pembe ya jicho.

Mambo yalikuwa hivi. Mjomba alishatangaza: siku picha itakapotimia, tutalia kilio cha mwisho, tutazoa majivu ya moto wa matanga, na ukoo utakaa kikao. Kikao kilikuwa na mambo mawili: meza ya bwana wangu sokoni, na mimi. Desturi ya wazee wetu inasema mjane anabaki katika ukoo, mdogo wa marehemu anamsimamia. Kumsimamia ni neno la heshima, kila mtu mzima anajua maana yake. Huyo shemeji yangu alikuwa kijana wa kupenda kujiangalia kwenye vioo vya magari, na alianza kunisimamia kuanzia chini, kwenye viatu vya kaka yake.

"Nabipasha moto tu, shemeji," alisema. "Bisikauke."

Vilikuwa vikubwa kwake, akavijaza karatasi. Siku ya pili akaongeza mkanda. Kufa kufaana, lakini yule hata hakungoja mtu afe vizuri.

Kwa hiyo nyumba iliyoichukia burashi yangu sasa ilinisukuma nimalize, na matanga bila kumalizika ni shimo la kutupia chakula. Watu walikuja, wakala, wakaangalia picha, wakauliza, "Macho bado?" wakajibiwa bado, wakasema basi watarudi kesho. Wakarudi na jamaa zao. Wanajeshi wa doria walikuja kuuliza kwa nini watu wamekusanyika, kama kuna siasa. Wakapewa fufu na sombe, ugali na kisamvu. Tangu hapo wakawa ndio wa kwanza kufika. Mmoja wao alikuwa analia kuliko shangazi. Akimaliza kula ananigeukia na Kilingala chake, "Mama, kolela te," usilie, na mimi wala silii.

Mwishowe shemeji, kwa moyo wake mzuri, akaenda mwenyewe akaninunulia kopo jipya la rangi nyeusi. Akaliweka mbele yangu, akalifungua na ncha ya kisu, akasimama pembeni na viatu vya karatasi.

Watu wote wakasogea. Hata wanajeshi waliacha kula.

"Sasa," mjomba akasema, "nyeusi iko. Jua liko. Mashavu yamekauka. Mutoto, shida njo nini?"

Nikachovya burashi. Nikaileta karibu na ule weupe wa jicho la kushoto. Mkono ukakataa. Nikajaribu tena, ukakataa, na hapo maneno yakanitoka yenyewe: "Tuligombana, mjomba. Aliniambia neno mlangoni na mimi sijamujibu. Siwezi kumaliza mutu kabla ya kumaliza ugomvi yake."

"Ugomvi na mufu?" shangazi mmoja akashangaa.

"Njo maana simalizi! Nikimuweka macho, ataniangalia, na mimi nitaongea, nitaongea, na yeye hatanijibu tena!"

Nikalia. Nililia kwa sauti mpaka nikajishangaa, kamasi na rangi nyeusi vikachanganyika usoni. Sasa nilijua kwa nini sikuwa nimelia tangu mwanzo: mtu halii akiwa bado anangoja.

Mjomba akakohoa. Akasema anasikia uchungu wangu, lakini magunia ya unga nayo yanasikia uchungu, na leo ni leo. Akanyoosha mkono achukue kopo anirudishie.

Kopo halikuwepo.

Lilikuwa limetoweka pale chini mbele ya macho ya watu wote. Wakatafuta chini ya benchi, wakatafuta nyuma ya picha, wakamtazama yule mwanajeshi mliaji, akaapa kwa mama yake. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni yangu, kitenge kimemwagika kila upande mpaka chini, uso mkavu kama jiwe la kusagia.

"Nyeusi imeisha," akasema.

"Dada, iliwekwa apa sasa hivi!" mjomba akafoka.

"Nimesema imeisha."

Hakuinuka tena siku ile yote. Walimletea chakula pale pale, akala amekaa. Alipotaka kugeuka aligeuka kiuno tu. Mimi nilielewa, na shangazi walielewa, na nadhani hata mjomba alielewa. Lakini ni nani atakayemwambia mama wa mtu asimame waone alichokalia? Kesho yake akakaa vile vile, na kesho yake tena. Nilimletea uji, akanipangusa rangi shavuni kwa kidole chenye mate, kama ningekuwa mtoto wake.

Barabara ilipofunguliwa, sisi hatukuwa na habari. Ilikuwa saa ya chakula, mvua inajikusanya juu ya vilima, watu wamejaa lupango. Akaingia mtu mmoja mnene kidogo, koti jipya, fuko begani. Akasimama langoni akiangalia umati, moto, masufuria.

"Nani amekufa?" akauliza.

Mgeni mmoja wa karibu na lango, mtu aliyekula kwetu siku nyingi bila kumjua marehemu kwa sura wala kwa jina, akamsogezea nafasi kwenye benchi. "Mwenye nyumba," akamwambia. "Ikala, ndugu yangu, ukule. Iko ya kutosha."

"Mwenye nyumba gani?"

"Iyi nyumba. Anakufia ku njia ya Beni. Maskini, na bibi yake iko kichwa nguvu kabisa, anakatala kumaliza picha."

Shangazi mmoja akainua kichwa na kuangusha mwiko. Kisha ni kelele tu. Wengine walikimbilia kwake, wengine walikimbia mbali naye. Yule mwanajeshi aliruka akashika bunduki: "Oyo nani?" Shemeji alivua viatu pale pale aliposimama, akabaki na soksi kwenye tope, akivionyesha kwa mikono miwili kwamba viko, havijaharibika. Mama mkwe tu hakusimama. Alinyoosha mikono akiwa amekaa, bwana wangu akainama mpaka chini, mama akamshika uso, akamshika masikio, akamshika mashavu, akasema, "Umenona."

Kweli alikuwa amenona! Huko Beni alikuwa ameshapakia bidoni zake garini, na yeye mwenyewe mguu mmoja juu, ndipo rafiki yake mmoja, Mwislamu mwenye malori, akamshika mkono: ni sikukuu ya Idi, utaondokaje bila kula pilau kwangu, bidoni zitangulie, wewe utafuata kesho. Akashuka kwa ajili ya sahani ya pilau. Gari likaenda na mizigo yake na kuchomwa. Barabara ikafungwa, hakuna gari, hakuna habari, na mwenye nyumba akaapa kwamba mgeni wake hataonja njaa vita ikiendelea. Wakamlisha mchele na mbuzi na samaki wa ziwani asubuhi na jioni. Mashavu niliyomchorea kwa amri ya shangazi zake yalikuwa ndiyo hayo hayo, kipimo kile kile. Shangazi wanajisifu mpaka leo.

Akaingia salon, watu wote nyuma yake. Akajikuta ukutani, picha ilikoingizwa isilowe. Akasimama mbele ya picha, na mimi nilisimama kando yake na jibu langu, nikingoja aseme neno lolote nianze.

"Macho iko wapi?" akauliza.

Mama mkwe akapaza sauti kutoka uani, kwenye kigoda chake: "Bibi yako alikatala! Tulimuomba, tulimutukana, alikatala!"

Akanigeukia. Kisha akaangalia mlango wa chumba chetu ulio wazi, mikeka ya wajomba, kuta tupu.

"Na bale bengine?"

"Ulisema batoke," nikamwambia. "Biko nyuma ya jiko."

Mvua ilikuwa imeanza, mvua nzito ya kwetu, inayopiga mabati mpaka watu wanapaswa kupigiana kelele. Nikafungua mdomo nimpe sehemu ya kwanza ya jibu. Sikumwona. Alikuwa ameshatoka. Nikamfuata mpaka mlango wa nyuma, nikamkuta amepiga magoti kwenye tope, anafukua majani ya ndizi, koti jipya limelowa. Alimtoa katekista, akamweka kifuani chini ya koti, akampitisha mbele yangu, akaenda kumwegemeza chumbani. Akarudi akachukua mwingine. Mjomba alitaka kumsaidia, akakataa. Aliwaingiza wote, mmoja mmoja, wenye macho na wasio na macho, na wa mwisho akampangusa maji usoni kwa mkono wa shati, polepole, kwa sababu alikuwa mzee, mtu wa Masereka ambaye sikuwa nimemtia macho.

"Aba nabo," akasema bila kuniangalia, "bako na batu benye banabangojeya."

Jibu langu lote likaniishia. Nikatoka uani kwenye mvua, mahali mama mkwe alipokuwa amejifunika kitenge kichwani, bado amekaa, nikanyoosha mkono. Akasimama, magoti yakalia, akanipa kopo. Lilikuwa na joto. Nikaingia chumbani, nikakaa mbele ya yule mzee wa Masereka, maana watoto wake walikuwa wameningoja muda mrefu, na bwana wangu akanishikia rangi.